Wake wa Makaisari katika Dhahabu ya Roma

Sarafu ya dhahabu ya Roma, iliyoitwa aureusi na kuthaminiwa kwa dinari 25 za fedha, haikuwa pesa ya kununulia mboga, kwani askari wa kawaida wa karne ya pili, aliyelipwa dinari 300 kwa mwaka, alipata thamani ya aureusi 12 tu. Picha zilizogongwa juu yake zililenga hasa macho ya matajiri, maofisa na wanajeshi, watu ambao utiifu wao ndio uliomweka Kaisari madarakani.

Sarafu ya mke wa Kaisari ilibeba sura yake na cheo chake cha heshima, Augusta, na mara nyingi upande wa pili ulikuwa na tashihisi, yaani sifa iliyopewa umbo la mwanamke: Concordia wa mapatano ya ndoa, Pudicitia wa staha aliyejitanda ushungi, au Fecunditas wa uzazi aliyezungukwa na watoto. Atakosea anayezisoma kama wasifu wa mwanamke mwenyewe, maana zilikuwa ahadi za ukoo uliotawala.

Faustina Mdogo alipewa cheo cha Augusta mwaka 147, mara baada ya kumzalia mumewe Marcus Aurelius, Kaisari wa baadaye, mtoto wa kwanza. Alizaa zaidi ya kumi, wengi wakafa wadogo, lakini Fecunditas hakuonyesha msiba wowote. Mama yake, Faustina Mkubwa, alitumika zaidi akiwa marehemu: baada ya kifo chake mwaka 140 alitangazwa kuwa mungu, na mumewe, Kaisari Antoninus Pius, akaendelea kwa miaka kutoa sarafu zenye sura yake, nyingine zikimwonyesha Aeternitas, tashihisi ya umilele, na nyingine zikitangaza mfuko wa kuwalea wasichana fukara ulioanzishwa kwa jina lake.

Pengo kati ya sarafu na nyumba halikuwa pana popote kuliko kwa Plautilla, aliyeozwa mwaka 202 kwa Caracalla, mrithi wa Kaisari, na kupewa sarafu zilizosifu mapatano ya milele na kizazi kijacho cha dola, ingawa mwanahistoria Herodian asimulia kwamba mume alikataa kula wala kulala naye. Baba yake Plautilla alipouawa mwaka 205, binti huyo alihamishiwa kisiwa cha Lipari, na Caracalla, alipokwisha kurithi utawala mwaka 211, akaamuru auawe.