Mlolongo wa Kenya

Februari 1988 chama tawala cha Kenya, KANU, kiliteua wagombea wa ubunge bila sanduku wala karatasi. Rais Daniel arap Moi mwenyewe hakuwa na mpinzani. Wanachama walijipanga nyuma ya mgombea waliyemtaka, au ya wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa vichwa. Huo ndio mlolongo. Aliyezidi asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita. Kura ya siri ya Machi haikumhusu.

Watetezi wake waliuliza: nani atadanganya mchana kweupe? Wakasahau kwamba karatasi huweza kuhesabiwa tena, bali watu wakishatawanyika hakuna ushahidi. Palikuwa na sehemu ambako mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, na waliosimama pale wakarudi makwao wakijua walichokiona. Tena mpangaji alionekana na mwenye nyumba, na kibarua na tajiri wake. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge walikuwa wameonya mapema, wakapuuzwa.

Lawama iliwaangukia hasa watumishi wa serikali waliosimamia hesabu, watu ambao kesho yake walitakiwa kutiiwa na wananchi wale wale. Mwaka 1990 kamati ya chama chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini kusikiliza maoni, ikaambiwa mambo kwa ukali ambao viongozi hawakuuzoea. Desemba mwaka huo wajumbe wa KANU waliufuta mlolongo pamoja na sharti la asilimia 70. Desemba 1991 kikaondolewa pia kifungu cha Katiba kilichoruhusu chama kimoja tu.