Alama za Wamisri wa Kale

Msomaji mpenzi, ukitazama ukuta wa hekalu la Misri ya kale utaona bundi, jicho, nyoka na mawimbi ya maji, vyote vimechongwa safu kwa safu. Usidhani kuwa ni mapambo tu. Hayo ni maandishi.

Mtazame dundu, yule afingirishaye donge la samadi. Wamisri walipomwona akisukuma donge lake walilikumbuka jua lipitalo mbinguni kila siku, wakamfanya alama ya kuzaliwa upya. Msalaba wenye kitanzi juu, uitwao ankh, ulikuwa alama ya uhai. Na jicho la mungu Horus, lililojeruhiwa vitani kisha likaponywa, lilivaliwa kama hirizi ya afya.

Lakini alama ya wafalme hasa ilikuwa kamba iliyozungushiwa jina la Firauni ili kulilinda milele. Kwao, mtu aliyefutwa jina lake alikuwa kama asiyepata kuwako. Ndiyo sababu, miaka kadhaa baada ya kufa Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama Firauni katika karne ya 15 K.K., majina yake yalichongwa yakaondolewa katika kuta nyingi.

Hata hivyo, kulikuwa na kifo kikubwa kuliko hicho. Maandishi ya mwisho ya namna hii tunayoyajua yalichongwa Philae mwaka 394. Kisha, kwa karne nyingi, hakuna aliyeweza kuyasoma. Wataalamu walidhani kila picha ni fumbo la siri.

Mwaka 1799 askari wa Kifaransa waliokota jiwe huko Rosetta, lenye tangazo moja la mwaka 196 K.K. katika hati tatu, mojawapo ikiwa ya Kiyunani. Mfaransa Champollion alianza na majina yaliyomo ndani ya kamba. Mwaka 1822 aliona katika jina moja duara la jua. Alijua Kikopti, lugha iliyozaliwa na Kimisri cha kale, na katika Kikopti jua huitwa "re". Akasoma: Ramesses! Basi alama nyingine zilikuwa sauti, nyingine maana. Kamba iliyowekwa kulinda majina ndiyo iliyofungua mlango.

Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe, msomaji, ongeza hili: daftari lisilo na wa kulisoma ni jiwe tu.