Moshi wa tumbaku kwa aliyezama

Kila Mei 21, Mwanza hukumbuka MV Bukoba, meli iliyopinduka mwaka 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika mjini. Ilikuwa ya watu 430; waliokufa walizidi 800, na wengi wamezikwa Igoma. Mwaka 2018 kikapinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara. Siku za kumbukumbu husemwa habari za shehena, ukaguzi na maboya. Zile dakika chache za ufukweni, mtu akishaopolewa, hazina msemaji.

Nazo zina historia yake, tena ya vituko. Mwaka 1767 wakazi wa Amsterdam, mji wa mifereji, waliunda chama cha kuokoa waliozama. Maagizo yake: mpashe joto, mpulizie pumzi mdomoni, kisha (usicheke) mpulizie moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa. Wenyewe hawakuwa na mzaha. Waliamini moshi ule huamsha mwili uliopoa. Mwaka 1774 William Hawes na Thomas Cogan wakaanzisha chama kama hicho London, na mivukuto ya moshi ikatundikwa kando ya mto Thames. Asiye na mvukuto alitumia kiko. Ni mwaka 1811 ndipo daktari Benjamin Brodie alipowajaribia wanyama na kuonyesha kwamba tumbaku yenyewe husimamisha moyo. Moshi ukaachwa. Ila pumzi ya mdomoni, iliyokuwa dawa hasa, nayo ilipuuzwa mpaka daktari Peter Safar na wenzake walipoirudisha miaka ya 1950. Kukandamiza kifua kulifuata mwaka 1960.

Moyo wa aliyezama husimama kwa kukosa hewa: mapigo hupungua, kisha huzimika. Ndiyo maana mashine ya kushtua moyo kwa umeme mara nyingi haifui dafu hapa, na kukandamiza kifua peke yake hakutoshi. Mlaze chali, mpulizie mara 5, kisha kandamiza kifua mara 30 na kupuliza mara 2, bila kukoma. Kumkamua tumbo ili ateme maji ni kupoteza muda, na matapishi huingia mapafuni. Kamati za mialo ya wavuvi, zile zinazopima matundu ya nyavu, zingeweza kufundishwa hili kwa asubuhi moja.

Akizinduka, apelekwe hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando hata akiapa yu mzima, kwani mapafu yaliyoingia maji huweza kumgeuka saa chache baadaye.