Tetemeko la Lisbon na hukumu ya Mungu

Tetemeko lililoipiga Lisbon, Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, liliwakuta waumini wengi kanisani. Moto na tsunami vikafuata. Padre Mjesuiti Gabriel Malagrida alilitaja kuwa adhabu ya dhambi, akahimiza toba. Waziri Pombal, aliyeshughulika kuujenga mji upya, alimhamishia Setúbal; mwaka 1761 mahakama ya kuchunguza uzushi ilimhukumu, akauawa. Nchini Uingereza mhubiri John Wesley naye aliuona mkono wa Mungu katika tetemeko hilo. Tafsiri hiyo hugongana na Luka 13: Yesu anakana kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Wito wa toba anauelekeza kwa wote, kisha anasimulia mfano wa neema, wa mtini usiozaa, unaoombewa mwaka mmoja zaidi kabla ya kukatwa.