Kimeng'enya Kilichodharauliwa: Miongo Minne ya Jeni ya nm23

Aprili 2028 itatimia miaka 40 tangu jarida la Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani lilipochapisha makala fupi ya kurasa tano iliyotangaza kuwepo kwa jeni ya aina ambayo haikuwa imezoeleka katika elimu ya saratani. Wakati huo wanasayansi walikwisha kuzijua jeni zinazoichochea seli igawanyike bila kikomo, na walikuwa wameanza kuzijua zile zinazoizuia isigawanyike hivyo; lakini jeni iliyotangazwa mwaka 1988 haikuonekana kuhusika sana na kuzaliwa kwa uvimbe wala na ukubwa wake, bali ilihusika na swali la kama uvimbe huo ungebaki mahali pake au ungetuma seli zake kwenda kuota kwingine mwilini. Iliitwa nm23, na orodha rasmi za jeni za binadamu sasa huiita NME1.

Umuhimu wa tofauti hiyo unaeleweka kwa urahisi, kwa kuwa wagonjwa wengi wanaokufa kwa saratani hawauawi na uvimbe wa kwanza, ambao mara nyingi daktari wa upasuaji huweza kuuondoa, bali huuawa na seli zilizong'oka kutoka uvimbe huo, zikasafiri kwa njia ya damu au limfu, zikatua katika mapafu, ini, mifupa au ubongo na kuanzisha uvimbe mwingine huko. Kusambaa huko ndiko wataalamu wanakokuita metastasisi. Historia ya nm23 kwa kawaida husimuliwa kana kwamba ilianza na makala hiyo ya 1988, jambo ambalo si la haki, kwa sababu kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni hiyo kilikuwa kimejulikana kwa miaka 35 kabla yake, na mambo yaliyokuja kuamua maana yake yalitoka kwa nzi wa matunda, si kwa binadamu.

Kimeng'enya chenyewe kilielezwa mwaka 1953 katika miji miwili kwa wakati mmoja: Sheffield nchini Uingereza, ambako Hans Krebs alifanya kazi pamoja na Reginald Hems, na Copenhagen nchini Denmark, ambako Paul Berg na Wolfgang Joklik, vijana wawili waliokuwa wamekwenda kujiendeleza katika maabara ya Herman Kalckar, walifikia matokeo yanayofanana. Krebs alipata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo na Berg akapata yake mwaka 1980, ingawa wote wawili walituzwa kwa kazi nyingine. Jina lake kamili ni kinasi ya nyukleosidi difosfeti, na kazi yake ni kuchukua kundi la fosfeti kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kulikabidhi kwa molekuli jamaa, kwa mfano GDP, ili iwe GTP. Katika makabidhiano hayo fosfeti hushikwa kwanza na asidi amino moja iitwayo histidini, iliyo katika nafasi ya 118 kati ya asidi amino 152 zinazounda mnyororo wa protini hiyo, kisha hupokezwa mlengwa; na minyororo sita ya namna hiyo hukusanyika pamoja ili kufanya kimeng'enya kamili. Kwa kuwa shughuli hiyo hufanyika karibu katika kila seli, wanabiolojia walikihesabu kimeng'enya hicho kuwa mtumishi wa nyumbani, ambaye kazi yake ni lazima ifanyike lakini hakuna anayemuuliza habari. Dharau hiyo ilikuja kugharimu.

Katika maabara ya Lance Liotta mjini Bethesda, jimbo la Maryland, Patricia Steeg na wenzake hawakuwa wakikitafuta kimeng'enya chochote. Walikuwa na koo kadhaa za seli za melanoma ya panya ziitwazo K-1735, yaani saratani ya ngozi inayoanzia katika seli zinazotengeneza rangi, koo zilizotokana na uvimbe mmoja lakini zikitofautiana sana katika uwezo wa kusambaa. Walilinganisha nakala za RNA zinazotolewa na jeni za koo hizo, wakakuta kipande kimoja kilichokuwa kingi katika koo mbili zisizosambaa kwa wingi na haba katika koo tano zinazosambaa sana. Jina nm23 halina siri: herufi zake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kutosambaa, na 23 ni namba ya kipande hicho katika orodha ya maabara. Mwaka 1989 watafiti haohao walionyesha kuwa kiwango cha RNA yake kilikuwa chini katika uvimbe wa saratani ya matiti wa wanawake ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika katika tezi za limfu, na mwaka 1991 waliiingiza jeni hiyo katika seli za melanoma zinazosambaa, zikapungukiwa na uwezo huo.

Sehemu ya historia hii inayostahili kusimuliwa kwa kirefu ilianza mbali na hospitali. Mwaka 1956 Alfred Sturtevant wa Taasisi ya Teknolojia ya California, ambaye mwaka 1913, akiwa bado mwanafunzi, alichora ramani ya kwanza ya jeni katika kromosomu, alichapisha taarifa kuhusu badiliko la ajabu katika nzi wa matunda. Palikuwa na badiliko lililojulikana tangu zamani, liitwalo prune, ambalo huyageuza macho mekundu ya nzi yawe ya rangi ya hudhurungi bila kumdhuru sana. Na palikuwa na badiliko la pili, alilolipata Sturtevant, ambalo peke yake halikuonyesha kasoro yoyote. Nzi aliyerithi yote mawili alikufa akiwa bado buu. Sturtevant aliliita badiliko hilo la pili muuaji wa prune, nalo likabaki katika vitabu vya jenetiki kwa zaidi ya miaka 30 kama kitendawili ambacho walimu walipenda kuwatajia wanafunzi lakini hawakuwa na jibu lake.

Huko Baltimore, mwendo mfupi tu kutoka Bethesda, Allen Shearn wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikuwa akiichunguza jeni ya nzi iitwayo awd, ambayo ikiharibika husababisha vibapa vya tishu ndani ya buu, vile ambavyo baadaye hukua kuwa mabawa, viharibike na buu afe. Mwaka 1988, mwaka uleule wa makala ya Bethesda, maabara yake ilionyesha kuwa muuaji wa prune ni badiliko katika jeni hiyohiyo ya awd. Mwaka uliofuata mpangilio wa protini ya nm23 ulipowekwa kando ya ule wa awd, ilidhihirika kwamba protini hizo mbili, moja ya binadamu na nyingine ya nzi, zinafanana kwa asilimia 78 hivi, ufanano ambao si wa kawaida kwa viumbe ambao koo zao zilitengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1990 ndipo fumbo lilipofunguka pande mbili kwa pamoja: kundi la Shearn lilithibitisha kuwa awd hutengeneza kinasi ya nyukleosidi difosfeti, na watafiti wa Paris, wakiwemo Marie-Lise Lacombe na Michel Véron, walioichunguza amiba ya udongoni iitwayo Dictyostelium, walifika kwenye jibu lilelile. Yule mtumishi wa 1953 alikuwa ndiye mlinzi wa 1988.

Jibu hilo halikuleta amani, bali lilizua ubishi uliodumu zaidi ya miaka 20. Wapo walioona ni jambo lisiloingia akilini kwamba kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli, chenye kazi ya jumla kiasi hicho, kinaweza kuamua jambo mahususi kama safari ya seli ya saratani, na kwa hiyo walidai kuwa protini hiyo ina kazi nyingine iliyofichika. Hoja yao ilipata nguvu mwaka 1996 na 1997, wakati maabara ya Steeg ilipotengeneza protini ya binadamu yenye badiliko lilelile la muuaji wa prune, yaani prolini ya nafasi ya 96 ikabadilishwa kuwa serini: kimeng'enya hicho kiliendelea kuhamisha fosfeti kama kawaida, lakini kilishindwa kabisa kuzipunguzia seli mwendo. Badiliko hilo dogo alilolikuta Sturtevant katika nzi lilikuwa limetenganisha kazi mbili ambazo kila mtu alidhani ni moja. Kundi hilo lilipendekeza kwamba kinachozuia kusambaa ni uwezo wa protini kukabidhi fosfeti kwa protini nyingine. Edith Postel wa Princeton alikuwa tayari ameonyesha mwaka 1993 kwamba protini ya jeni pacha, nm23-H2, inashika DNA karibu na jeni maarufu ya saratani iitwayo MYC. Na wengine walieleza baadaye kuwa nm23 yenyewe hukata DNA. Kila maabara ilikuwa na nm23 yake.

Haikusaidia pia kwamba ushahidi kutoka kwa wagonjwa uligeuka. Katika neuroblastoma, saratani ya chembe changa za neva inayowapata watoto wadogo, kiwango cha juu cha protini hiyo kilionekana pamoja na ugonjwa mkali, si mpole, na katika baadhi ya saratani za damu hali ilikuwa hivyohivyo. Matumaini ya kuitumia nm23 kama kipimo cha kumwambia mgonjwa kama saratani yake itasambaa yalififia kabla ya miaka ya 1990 kwisha. Isitoshe, seli za MDA-MB-435, zilizotumika kama saratani ya matiti katika majaribio mengi muhimu ya jeni hii, ziligunduliwa baadaye kuwa hazitofautiani na seli za melanoma ziitwazo M14. Matokeo ya majaribio hayakufutika kwa sababu hiyo, lakini madai kuhusu matiti yalihitaji kusomwa upya, na waandishi wengi wa muhtasari wa historia hii hulipita jambo hilo kimya.

Jibu linaloshawishi zaidi lilitoka tena kwa nzi. Mwaka 2001 ilionyeshwa kuwa katika neva za nzi, awd huipatia GTP protini iitwayo dainamini, ambayo hukata na kutenganisha vifuko vidogo vinavyobonyea kutoka katika utando wa seli kuingia ndani. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba seli za mirija ya hewa za nzi wasio na awd hushindwa kuvimeza vipokezi vinavyozipa amri ya kutembea, hivyo vipokezi hujaa juu ya utando na seli hutangatanga. Mwaka 2014 Mathieu Boissan na wenzake wa Paris walithibitisha katika jarida la Science kuwa hata kwa binadamu kimeng'enya hiki husimama kando ya dainamini na kuilisha GTP papo hapo inapohitajika. Kwa hiyo kazi ya mtumishi, ikifanywa mahali mahususi, ndiyo inayoweza kuizuia seli isihame, ingawa badiliko la prolini ya 96 bado halijaeleweka vizuri ndani ya maelezo haya.

Kuhusu tiba hakuna mengi ya kusimulia. Watafiti wa Bethesda waligundua kuwa medroksiprojesteroni, dawa ambayo mamilioni ya wanawake wa Afrika Mashariki wanaijua kama sindano ya Depo ya uzazi wa mpango, huongeza kiwango cha nm23 katika seli za saratani ya matiti maabarani, na mwaka 2005 walieleza kuwa ilipunguza uvimbe uliosambaa katika mapafu ya panya. Jaribio dogo kwa wagonjwa lililofuata halikuleta faida ya kutosha kuendelezwa, na hakuna anayepaswa kuelewa kwamba sindano hiyo inakinga au kutibu saratani.

Steeg mwenyewe, katika maoni aliyoyachapisha katika jarida la Nature mwaka 2012, aliweka lawama mahali panapostahili: dawa mpya hujaribiwa kwa wagonjwa ambao uvimbe wao tayari ni mkubwa na umeenea, kisha hupimwa kwa kigezo cha kama uvimbe huo umesinyaa, wakati dawa ya kuzuia kusambaa haikusudiwi kusinyaza chochote, na hivyo hukataliwa kabla haijapewa nafasi ya kufanya kazi yake. Kampuni za dawa na mamlaka za udhibiti zinapaswa kukubali majaribio yanayohesabu uvimbe mpya unaojitokeza kwa wagonjwa walio katika hatari, hata kama majaribio hayo yatachukua muda mrefu zaidi na kugharimu zaidi, kwa sababu hadi sasa hakuna dawa hata moja iliyosajiliwa popote kwa kazi ya kuirudishia seli ya saratani kimeng'enya cha nm23.