Mkate Uliopotea

Mwenye kutafuta asili ya chakula kwa jina lake peke yake aghalabu hupotea njia. Mfano mzuri ni ule mkate wa juzi ukatwao vipande, ukachovywa katika maziwa na mayai, kisha ukakaangwa kwa siagi. Waingereza na Wamarekani huuita tosti ya Kifaransa. Wafaransa wenyewe huuita pain perdu, yaani mkate uliopotea.

Iko hadithi ipendwayo Marekani ya kuwa mwenye hoteli mmoja wa Albany, aitwaye Joseph French, ndiye aliyeuzua mwaka 1724. Hadithi hii haisimami. Kitabu cha Robert May, mpishi Mwingereza, kilichopigwa chapa London mwaka 1660, kimekwisha kulitaja jina hilo. Tena tosti zake ni za mkate uliochomwa ukaloweshwa katika mvinyo, pamoja na sukari na maji ya machungwa, bila ya yai hata moja. Na upishi wenyewe ni mkongwe kuliko jina: mapishi ya Kirumi yanayonasibishwa na Apicius yaeleza mkate mweupe uliotolewa ganda, ukatiwa katika maziwa, ukakaangwa na kumiminiwa asali.

Wajerumani nao husema Arme Ritter, yaani mashujaa maskini. Majina kama haya yamewafanya wengi waamini ya kuwa hiki kilikuwa chakula cha wanyonge. Walakini maandiko yasema vingine. Mapishi ya Kiingereza ya karne ya 15 yataka kiini cha yai tu, ute ukitengwa, na juu yake sukari, ambayo siku zile ilikuwa bidhaa ya gharama. Je, majina yasema uwongo? La. Vitabu vya mapishi viliandikwa kwa ajili ya majiko ya wakubwa; mwanamke maskini aliyeokoa mkate wake hakuwa na karani. Basi jina si shahidi wa asili, lakini laweza kuhifadhi wasiwasi wa watu ambao kitabu kiliwasahau.

Hata hivyo, tajiri na maskini walifuata kanuni moja. Mkate mpya ukiloweshwa huvurugika. Uliolala umekauka na kukaza, hunywa maziwa na kubaki kipande. Yai likipata moto huganda, likayashika maziwa ndani.

Mwaka 1895 Guy Beringer, mwandishi Mwingereza, alipendekeza chakula cha Jumapili kinachounganisha staftahi na chakula cha mchana, ili waliokesha Jumamosi wasiamshwe mapema. Desturi hiyo ilistawi Marekani, na mkate wetu ukapata makao mapya. Siku hizi wengi hupanga vipande katika sinia usiku, huvimiminia maziwa na mayai, na asubuhi huoka vyote pamoja, ili mpishi naye aketi na wageni wake badala ya kusimama mbele ya kikaango.

Sisi Waswahili tuna neno kiporo, na tunajua ya kuwa chakula kilicholala si lazima kiwe kimekufa. Mkate ulioitwa uliopotea haukupotea. Kilichopotea ni majina ya waliouokoa.