Pedi ya Pili Haina Start

Desemba 2004 nilikuwa na miaka sita, na kwa wiki tatu nzima nilicheza gemu ambayo kumbe sikuwa nacheza.

Tulikuwa tumeenda kwa shangazi, Nakuru. Sebuleni kulikuwa na TV ya Greatwall, ile ndogo isiyo na rangi, na chini yake mashine ya kijivu iliyoandikwa Terminator. Binamu yangu alikuwa na miaka kumi na tatu, na mashine ilikuwa yake. Kaseti ilikuwa ya manjano, imebandikwa karatasi inayosema 9999 in 1. Ndani kulikuwa na gemu kama kumi hivi, zimerudiwa kwa majina tofauti mpaka mwisho wa orodha. Yetu ilikuwa ya vifaru vya vita. Jina lake halisi ni Battle City, lakini hakuna mtu mtaani aliyeiita hivyo. Ilikuwa Tanki.

Kama hukuicheza: kuna tai chini katikati ya skrini, amezungushiwa ukuta wa tofali. Vifaru 20 vya adui vinatoka juu, vichache vichache, na kazi yako ni kuvimaliza kabla havijamfikia. Risasi yoyote ikimgusa tai, imeisha. Hata kama ni risasi yako.

Binamu alinipa pedi ya pili. (Ndiyo, tuliita pedi. Hapana, si hiyo.) Akanyoosha kidole kwenye kifaru kilichokuwa kinatoka kona ya juu kushoto. "Wewe ndio huyo."

Nikabonyeza. Kikaenda. Nikabonyeza kulia, kikaenda kushoto. Nikadhani vidole vyangu ndivyo vizembe. Kuna wakati kilinisikia kabisa, na hapo nilijiona bingwa. Lakini mara nyingi kilishuka moja kwa moja hadi chini, kikavunja tofali, kikampiga tai, na binamu akanigeukia na uso wa huzuni: "Sasa mbona unampiga tai wetu?"

Nikaomba msamaha. Siku ile, na kesho yake, na siku iliyofuata.

Kwenye TV ya rangi, kifaru cha mchezaji wa kwanza ni cha manjano na cha wa pili ni cha kijani. Kwenye Greatwall kila kitu kilikuwa kijivu, sisi na adui. Nilikuja kujua siku ya Krismasi, shangazi alipokuwa anafagia. Aliinua waya kwa mpini wa ufagio akauliza, "Na hii ni ya nini?" Ulikuwa waya wa pedi yangu. Haukuwa umechomekwa popote.

Hadithi hii imewahi kuwapata wengi wetu tuliozaliwa mwisho, kwa hivyo sitaki uhurumiwe. Nimeisimulia kwa sababu miaka mingi baadaye nilianza kusoma historia ya ile mashine, nikagundua kwamba ujanja wa binamu haungewezekana kwenye mashine asilia.

Mashine asilia ilianza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983. Kampuni ni Nintendo ya Kyoto, ambayo ilianza mwaka 1889 ikitengeneza karata. Mhandisi aliyeiunda ni Masayuki Uemura, ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye kampuni iliyokuja kuitwa Sharp, akiuza vifaa vya kuhisi mwanga. Iliuzwa yen 14,800 na iliitwa Family Computer. Kompyuta ya Familia. Wajapani wakafupisha: Famicom.

Famicom ilikuja na pedi mbili, na nyaya zake zilikuwa zimefungwa ndani kabisa ya mashine. Usingeweza kuchomoa pedi ya mdogo wako bila kufungua mashine na bisibisi. Lakini pedi hizo hazikuwa sawa. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vya Select na Start. Ya pili haikuwa navyo. Kwa hivyo mtu wa pedi ya pili hangeweza kuchagua gemu, wala kuianzisha, wala kuisimamisha akienda msalani. Badala yake alipewa kipaza sauti kidogo, ndani ya pedi yenyewe. Kwenye The Legend of Zelda ya 1986 kuna maadui wenye masikio makubwa ambao ungeweza kuwaua kwa kupiga kelele kwenye hicho kipaza sauti. Yaani Uemura na wenzake walimnyima mtoto wa pili amri, lakini walimwachia sauti.

Sasa, sisi tulipataje hizi mashine? Nintendo ilipouza toleo la Marekani kuanzia 1985, iliweka ndani chipu ya kufuli: kaseti isiyo na chipu pacha haifunguki. Famicom ya Japani haikuwa na kufuli hiyo. Viwanda vya Taiwan vikainakili, kisha vya China, na kadiri miaka ilivyosonga mashine nzima ikaweza kubanwa ndani ya chipu moja iliyofunikwa na tone la gundi nyeusi. Ukiwahi kufungua Terminator yako ukashangaa mbona ndani ni tupu, ndiyo sababu.

Kopi zilienda kila mahali. Urusi ziliitwa Dendy, kuanzia 1992, na tembo kwenye nembo. Poland ziliitwa Pegasus. China kulikuwa na Subor, iliyouzwa na kibodi kama mashine ya kujifunzia, ili mzazi asiwe na la kusema. Na ndani ya kaseti za kopi kulikuwa na Battle City, ambayo Namco ilikuwa imeitoa mwaka 1985 kwa soko la Japani peke yake. Fikiria hiyo kidogo. Mtoto wa Moscow na mtoto wa Nakuru walijua gemu ambayo mtoto wa Marekani, mwenye Nintendo halali ya dukani, hakuuziwa.

Ila kopi hukopi kwa bei ya chini. Kipaza sauti kwenye yetu kilikuwa kimetolewa. Start kwenye pedi ya pili haikurudishwa. Na nyaya sasa zilikuwa na plagi za kuchomoa. Mdogo akabaki bila amri na bila sauti, na mkubwa akapata uwezo wa kumchomoa kabisa. Binamu yangu hakuvumbua kitu. Alitumia tu mashine jinsi ilivyofika.

Aprili iliyopita dada yangu aliniomba nikae na watoto wake wakati wa likizo. "Aliniomba" ni heshima tu. Nalala kwenye kochi lake tangu niache chuo, na hela ya makala huja inapotaka. Alinipa sharti moja: "Usinifundishie watoto mambo ya gemu. Tunajua zilikokufikisha."

Kwa familia yetu hiyo ndiyo historia rasmi: gemu zilinitoa chuo. Sijawahi kuibisha. Ukweli ni kwamba karo ilinishinda mihula miwili mfululizo, jina langu likakosekana kwenye orodha ya mtihani, nami nikaona aibu kumwambia dada, ambaye alikuwa ameshauza ng'ombe mmoja na kukopa kwa chama. Nikawa naamka asubuhi nikiwa sina pa kwenda. Nilicheza, ndiyo. Nilicheza sana. Lakini nilikuwa nimeshatoka.

Sharti nililivunja siku ya nne. Mvua ilinyesha, simu zikaisha chaji, na msichana wa miaka kumi na moja na kaka yake wa saba wakaanza kupigana kuhusu mto. Nilikuwa na kimashine nilichonunua Luthuli, kopi ya kopi, kina pedi mbili. Nikakichomeka kwenye TV. Tanki ilikuwemo. Na nikaangalia pedi ya pili: miaka arobaini baadaye, bado haina Start.

Nilimpa mdogo pedi ya kwanza. Dada yake akapinga, kwamba yeye ndiye mkubwa. Nikamwambia mkubwa anaweza kusubiri, nikahisi ajabu kusikia hayo yakitoka kinywani mwangu. Sijui kama ilikuwa haki. Nadhani nilikuwa nampa mtoto mwingine wa 2004.

Mdogo alinipiga risasi mara moja. Kwenye Tanki ukimpiga mwenzako hafi, anaganda tu kwa muda, na yeye aligundua hilo akaligeuza kuwa ndiyo gemu yenyewe. Tai alikufa mara tisa. Kisha ikawa zamu ya msichana, na yeye akaona kwenye menyu neno ambalo binamu hakuwahi kuniacha nilifikie: Construction. Unajenga uwanja wako mwenyewe. Alimzungushia tai chuma pande zote, risasi za adui zikawa zinagonga tu. "Anko, kwani nyinyi hamkufikiria hivi?" Hapana, mama. Hatukufikiria.

Siku ya sita mdogo alikuwa na pedi ya kwanza tena. Tulikuwa tunaenda vizuri, vimebaki vifaru vitatu. Akabonyeza Start. Kila kitu kikasimama.

"Anko, ni ukweli uliacha shule ju ya gemu?"

Nikabonyeza vitufe vyangu vyote, kwa mazoea. Mwenye pedi ya pili hawezi kuendelesha gemu iliyosimamishwa. Alikuwa ananitazama, kidole juu ya Start, hana haraka.

"La," nikasema. "Karo iliisha. Gemu zilikuja baadaye."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliogopa mama yako angeuza ng'ombe mwingine."

Alifikiria hilo. Kisha akasema, "Lakini tuko na ng'ombe mmoja tu," na akaachilia gemu.

Sikuwa nimesikia mlango. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kochi na mkoba bado begani, na kwa jinsi alivyokuwa ametulia nilijua hakufika sasa hivi. Nilisubiri nigombezwe. Aliweka mkoba chini, akavua viatu, akakaa kati yetu kwenye mkeka.

"Leta hiyo," akaniambia.

Nikampa pedi ya pili. Hakuanza kucheza. Aliushika waya pale unapotokea kwenye pedi, akaufuata kwa vidole, polepole, chini ya mkeka, nyuma ya meza, mpaka kwenye mashine. Akasukuma plagi mara mbili kuhakikisha imeingia.

Ananizidi miaka mitatu. Alikuwa mgeni wa shangazi Nakuru miaka mingi kabla sijajua kushika pedi.

"Mimi ni gani?" akamuuliza mwanawe.

"Wewe ni kijani, mama."

"Isongeshe nione."